Salamu Iliyokatazwa

Kidole cha Clem Ruddick bado kiko juu ya usukani, pale pale tulipokiacha wiki jana, na pikapu nyeupe ya Gaz Pollitt ndiyo kwanza imempita. Nyuma ya Gaz linakuja gari la polisi. Shikilia gazeti vizuri, msomaji, maana king'ora kimeshalia.

"Baba," alisema Tilly kutoka kiti cha pembeni, nywele bado zinadondosha maji ya bwawa la kuogelea. "Si nilikwambia ni Gaz?"

"Nyamaza kidogo, mama."

"Kwani nimekosea?"

"Hujakosea. Nyamaza tu."

Kosa lilikuwa la kidole. Katika barabara za Bindara, huko kwenye mashamba ya mtama ndani ya Queensland, dereva humnyanyulia kidole kimoja cha salamu kila anayekutana naye. Huulizi ni nani. Unakinyanyua kutoka kwenye usukani, unakishusha, unaendelea na safari. Usipofanya hivyo, jioni baa nzima inakujadili kwamba umeota mapembe. Clem alianza kunyanyua kidole akiwa bado anapakatwa na baba yake kwenye trekta, na mkono wake hauombi ruhusa kwa kichwa.

Lakini mwaka huu mahakama ilimtia hatiani kwa kushirikiana na wahalifu. Hakuiba, hakuuza unga, hakumzaba mtu kofi. Aliwatengenezea pikipiki watu wa genge, kisha akaendelea kunywa nao meza moja baada ya polisi kumpa onyo rasmi aache. Hilo tu. Hakimu akamfunga kwa amri badala ya nondo: kwa miaka miwili asiwasiliane kwa njia yoyote na watu watatu, wala asikanyage wanapoishi.

Wa kwanza ni Gaz Pollitt. Wa pili yuko gerezani, hatusumbui. Wa tatu ni Reece Vickery, kaka wa marehemu mke wake.

"Huyo ni shemeji yangu," Clem alilalamika siku ile mahakamani.

"Mkeo alishafariki," mwendesha mashtaka alimjibu. "Sheria haimwoni tena kama ndugu yako."

Kuna watu wamezaliwa na ulimi wa kuchinjia.

Sajenti Gavan Lusk alishuka kwenye gari lake bila haraka. Yeye na Clem walicheza raga timu moja shuleni, na hadi leo Lusk humwita kaka, hasa anapotaka kumuumiza.

"Clem, kaka. Mkono wako una ugonjwa gani?"

"Nimesalimia barabara, Gavan. Kama kila mtu."

"Umemsalimia Gaz Pollitt."

"Nimesalimia pikapu nyeupe. Wilaya nzima ina pikapu nyeupe. Hata mama yako anayo."

"Mama yangu hayumo kwenye amri yako." Lusk alicheka, kisha akazunguka hadi dirisha la Tilly na kuinama. Sauti ikawa ya asali. "Habari za kuogelea, binti? Leo umenywa maji mengi?"

"Kidogo."

"Nani alikuwa kwenye lile gari jeupe?"

"Gaz," alisema Tilly, akifurahi kuulizwa kitu anachokijua. "Ana mbwa mwenye jicho moja la bluu."

"Na baba alijua ni Gaz?"

"Gavan!" Clem alifoka. "Ongea na mimi. Mtoto mwache."

"Nauliza tu, kaka. Kuuliza si kupiga."

Tilly alifungua mdomo. Akamtazama baba yake. Akaufunga. Lusk aliona, na akaliweka hilo akibani.

Sasa mimi na wewe tusidanganyane. Tilly aliposema "Baba, Gaz yule!" kidole cha Clem kilikuwa kinapanda. Kipi kilitangulia? Clem anaapa ni kidole. Tilly anaamini ni yeye, kwa sababu ana miaka minane na anapenda kuwa wa kwanza kuona kila kitu. Na Tilly hajui kusema uongo. Marehemu mama yake alimfunza hivyo, na Clem hakuona sababu ya kumfunza vingine.

"Shuka, kaka. Mikono nyuma."

"Mbele ya mtoto?"

"Ungefikiria mtoto kabla ya kidole."

Pingu zilikuwa bado hazijatulia vizuri wakati gari la Bi Noeleen lilipotokea na kusimama kando ya barabara. Bi Noeleen Vickery ni mama mkwe wa Clem, mwanamke aliyenyooka, mwenye nywele fupi za mvi na viatu visivyo na vumbi hata kwenye vumbi. Clem alimshangaa. Hakuna aliyempigia simu, na nyumbani kwake si karibu.

"Njoo kwa bibi, Tilly," alisema, akifungua mlango bila kumtazama Clem kabisa.

"Mama, naomba usiku mmoja tu," Clem alimwambia. "Kesho hakimu yupo. Nitamaliza hili nije kumchukua."

Hapo ndipo Bi Noeleen alipogeuka. "Ulimpakia binti yangu kwenye pikipiki," alisema polepole, "ukanirudishia kofia. Leo unataka nikuamini kwa nini?"

"Kangaruu aliruka barabarani, Mama. Unajua."

"Najua kwamba wewe umesimama hapa unaongea na yeye yuko udongoni."

Clem alibaki na pingu zake kando ya barabara. Aliwatazama wakiondoka, na Tilly amegeuka nyuma kwenye kiti, mkono kwenye kioo.

*

Hakimu huja Bindara mara moja kwa mwezi, na kwa bahati, nzuri au mbaya utaamua mwenyewe, siku yake ilikuwa kesho yake. Clem alitolewa selo asubuhi akiwa na shati la jana. Wakili wake, Anthea Koutsoukis, alikuwa anamsubiri na vikombe viwili vya kahawa na uso wa mtu aliyelala akicheka.

"Tunashinda," alisema.

"Usinitie matumaini ya bure."

"Sikiliza. Amri inakataza kuwasiliana na Pollitt. Wewe hukuwasiliana na Pollitt, uliwasiliana na barabara. Unawasalimia wote?"

"Wote."

"Wageni? Malori ya ng'ombe? Wauza dawa za magugu?"

"Dada Anthea, mimi nikikutana na kondoo anaendesha gari nitamnyanyulia kidole."

"Safi. Lusk ana kamera ndani ya gari. Ameleta picha za kidole chako kwa Pollitt tu, amezikata hapo hapo. Mimi nitaomba iendelee. Mahakama ione umemsalimia na aliyefuata. Kesi inakufa pale pale."

Clem alikunywa kahawa. Kulikuwa na kitu kinamkera nyuma ya kichwa, kama jina unalotaka kulikumbuka, lakini Anthea alishasimama na mlango ulishafunguliwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Cha Clem kilikuwa mkononi.

Ndani, Lusk alipanda kizimbani kama anapanda kitandani kwake.

"Sajenti, wewe ni mzaliwa wa hapa?" Anthea alianza.

"Kuzaliwa na kukulia."

"Mtu akikutana na wewe barabarani anafanya nini?"

"Ananyanyua kidole."

"Na asiponyanyua?"

"Tunasema anatoka mjini, au ana kichwa kikubwa."

Watu kwenye mabenchi walicheka. Hata hakimu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliuma mdomo. "Mimi natokea pwani," alisema. "Wiki yangu ya kwanza huku nilidhani wote mnanitukana."

Vicheko vikazidi. Clem alianza kupumua. Alimwaza Tilly, akawaza kwamba mchana watakula samaki na chipsi kwenye bustani, na kesho atakuwa shuleni kama kawaida.

"Naomba mahakama iruhusu picha ziendelee," alisema Anthea. "Sajenti ametuonyesha gari la kwanza. Tunataka gari la pili."

Mwendesha mashtaka, kijana mwembamba aliyenyoa mpaka shingo ikawa nyekundu, aliinua kichwa. "Wakili ana uhakika?"

"Nina uhakika."

"Basi upande wa mashtaka hauna pingamizi." Akatabasamu. Hapo Clem akakumbuka.

"Anthea," alinong'ona. "Anthea, acha."

Amechelewa. Kwenye skrini pikapu ya Clem ilikuwa inakuja. Kidole kilipanda kwa Gaz Pollitt, kikashuka. Kisha likaja gari la pili, na gari la pili lilikuwa lile lile lenye kamera. Gari la polisi. Kila mtu mle ndani aliona mkono wa Clem Ruddick ukiushika usukani wote, vidole vyote, na taya zake zikikaza. Akampita Lusk kama anapita mti.

Hakuna aliyecheka tena.

Unaona, tangu siku alipohukumiwa, Clem aliapa hatawasalimia polisi barabarani. Ndicho kisasi pekee alichokuwa nacho, kisasi cha kidole, na alikifanya kwa muda mrefu hadi akasahau kwamba anakifanya. Jitu zima! Wakili anamuuliza unawasalimia wote, naye anajibu wote, na moyoni mwake anaamini kabisa.

"Kwa hiyo huwa anachagua," alisema mwendesha mashtaka. "Anatazama nani yumo, halafu anaamua. Sajenti Lusk, hapana. Mhalifu Pollitt, ndiyo."

"Gari la polisi lina taa juu ya paa!" Anthea alisimama. "Hata kipofu angelijua. Pikapu nyeupe ni pikapu nyeupe. Lazima muonyeshe kwamba alijua ni Pollitt kabla hajanyanyua kidole."

"Tunakubaliana kabisa," alisema yule kijana, na sauti yake ikawa laini, jambo ambalo lilimtisha Clem kuliko ukali. "Ndiyo maana tuna shahidi aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni. Yuko hapo nje na bibi yake."

Mlango ulikuwa na kioo. Clem aligeuka na kuona nusu ya kichwa cha Tilly, nywele zimesukwa mikia miwili iliyobana sana, mtindo wa Bi Noeleen.

"Ana miaka minane," alisema hakimu.

"Tutamuuliza swali moja tu, Mheshimiwa. Nani alitangulia, jina au kidole."

Anthea aliinama sikioni mwa Clem. "Mwache aulizwe. Mtoto anaweza kuchanganya. Nitamvuruga kidogo, atasema hajui, tunatoka."

"Utamvuruga?"

"Kidogo tu. Kwa upole."

"Atasema yeye alitangulia," Clem alisema. "Siku zote anasema yeye alitangulia."

"Basi nitamwonyesha kwamba anasema hivyo siku zote, kwamba ni mtoto wa kujigamba."

Clem aliitazama ile nusu ya kichwa kwenye kioo. Alimwona Tilly akiwa na miaka kumi na mitano, ishirini, arobaini, akilala na kuamka na jambo moja: kwamba alisimama mbele ya watu, akasema kweli kama mama alivyomfundisha, na baba akaenda jela kwa ukweli huo. Au vibaya zaidi, kwamba wakili wa baba alimfanya aonekane mwongo. Moyo wa Clem ulikatika. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na asiye na mtoto aruke mstari.

Alisimama.

"Mheshimiwa, nakiri kosa."

"Kaa chini, Clem," Anthea alisema, meno yamebanana.

"Nilijua ni Gaz. Nilimsalimia. Nakiri. Mtoto asiingie humu."

Hakimu alivua miwani. "Bwana Ruddick, unaelewa kwamba kwa kosa hili ninaweza kukufunga?"

"Naelewa."

"Na hakuna aliyekulazimisha?"

Clem aligeuka kumtazama Lusk, aliyekuwa anakagua kucha zake. "Hakuna."

Hakimu alifungua jalada, akaisoma tena ile amri. Clem alishaanza kuwaza gereza, mablanketi yanayonuka dawa, na siku za kutembelewa ambazo Bi Noeleen atakuwa na mafua kila zikifika.

"Nimekaa kiti hiki miaka mingi," hakimu alisema mwishowe, "na sijawahi kuona mtu akikiri kidole. Nakufunga miezi sita." Akasubiri kalamu ya karani imfikie. "Lakini kifungo hiki kinasimamishwa. Hutaingia ndani leo. Nenda nyumbani ulee mtoto wako. Ukiivunja amri tena ndani ya mwaka mmoja, kwa neno, kwa ishara, hata kwa kukohoa, utakwenda moja kwa moja na hakuna atakayekusikiliza. Umenielewa?"

Clem alilia pale pale aliposimama, mwanaume mwenye mabega kama mlango. Anthea alimpiga ngumi ya bega, nusu hasira, nusu furaha.

"Punda wewe," alisema. "Punda mwenye bahati. Kamchukue binti yako."

*

Korido ilikuwa tupu.

Benchi lilikuwepo. Maji ya kunywa yalikuwepo. Tilly hakuwepo, wala bibi yake. Clem alitoka hadi kwenye maegesho, akarudi, akatoka tena. Kisha akapiga simu.

"Mama, mko wapi? Nimeachiwa."

"Nimesikia," alisema Bi Noeleen. "Hongera."

"Nakuja kumchukua. Uko nyumbani?"

"Hapana. Kile kijumba changu ni kidogo kwa mtoto anayekua. Tumehamia kwa mwanangu."

Clem alisimama. Gari lilimpigia honi, hakusikia. "Mwanao yupi?"

"Nina mmoja tu aliyebaki."

"Kwa Reece? Umempeleka Tilly kwa Reece?"

"Kwa mjomba wake. Kuna ubaya gani mtoto kukaa kwa mjomba wake?"

"Unajua siwezi kukanyaga pale! Siwezi hata kupiga simu ile nyumba!"

"Basi usikanyage," alisema kwa utulivu, kama mtu anayekufundisha kupika wali. "Mahakama imekuambia usikanyage, wewe tii. Simu hii yangu naizima leo. Ukitaka kuongea na Tilly, piga ya Reece."

"Mama, nakuomba. Kwa ajili ya Kirra, binti yako."

"Usimtaje." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka, kisha ikajishona upya. "Nikwambie kitu, Clem? Ulidhani Gaz alipita ile barabara kwa bahati mbaya? Kila wiki saa ile ile unamtoa Tilly bwawani. Nilimwomba tu Gaz apite. Halafu nikamwambia Gavan kwamba Gaz atapita. Kazi iliyobaki uliifanya mwenyewe. Nilijua mkono wako hauwezi kutulia. Nimekujua tangu ulipokuja kumposa binti yangu, ukawa unawapungia hata watu wa mazishi."

Simu ikakatika.

Clem alirudi ndani mbio. Alimkuta Lusk akivaa kofia.

"Gavan. Mtoto wangu yuko kwa Reece Vickery. Nenda unichukulie."

"Ametekwa?"

"Yuko na bibi yake, lakini..."

"Basi hajatekwa." Lusk aliirekebisha kofia kwenye kioo cha dirisha. "Hilo ni suala la mahakama ya familia, kaka. Iko mji mkubwa. Peleka ombi, subiri zamu yako."

"Zamu yangu itafika lini?"

"Sijui. Watu wanasema wanapanda mtama na kuuvuna bado wanasubiri."

"Ulijua? Ulijua anampeleka kule?"

"Mimi najua watu watatu tu kwenye amri yako," alisema Lusk. "Mmoja wao anaishi ile nyumba. Ukisogea, nitakuwepo. Tena naenda kule sasa hivi, kwa hiyo usijisumbue kuniita."

Anthea alimkamata Clem mkono mlangoni. "Usiende," alisema. "Naandika ombi la dharura leo hii. Usiende, Clem. Wanataka uende."

"Nitasimama barabarani tu. Barabara ni ya umma."

"Kwa nini sasa?"

"Tilly ajue nimetoka. Basi. Ajue sijafungwa."

Maji yakizidi unga, mtu hasikii ushauri. Clem alikwenda.

*

Nyumba ya Reece Vickery iko mwisho wa barabara ya vumbi, nyuma ya geti la chuma. Clem aliegesha pikapu ng'ambo ya barabara, kwenye majani ya serikali, akashuka na kusimama mikono mifukoni ili isimletee tena balaa. Gari la polisi lilikuwa limeshafika kabla yake. Lusk alikuwa ameshusha kioo, amekunja pai ya nyama kwenye karatasi, anaila na sosi.

"Hapo uliposimama ni sawa, kaka," alimwambia huku anatafuna. "Hatua moja mbele, si sawa. Neno moja kwa Reece, si sawa. Mimi nakula tu."

Mlango wa nyumba ulifunguliwa. Tilly alitoka mbio, na nyuma yake Reece, mrefu, michoro ya tatuu mikono yote miwili, anatembea kwa madaha ya mtu aliyelipiwa onyesho. Bi Noeleen alibaki barazani, amekunja mikono.

"Baba!" Tilly alifika kwenye geti akapanda chuma cha chini. "Baba, umekuja! Bibi alisema umelala kwa polisi."

Clem alifungua mdomo, na wakati huo huo Reece akafika, akaweka mkono wake mzito kichwani kwa mtoto.

"Ongea naye, Tilly," alisema Reece, macho yamemkazia Clem. "Mwambie atujibu. Mimi na wewe tunamsalimia pamoja, sawa? Hujambo, shemeji!"

Ndipo Clem alipouona mtego wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Chochote atakachosema, atakisema mbele ya Reece. Reece ataapa aliambiwa yeye. Na pale kwenye gari kuna kamera, na kamera ile keshaona inavyofanya kazi.

Akafunga mdomo.

"Baba?" alisema Tilly. "Twende nyumbani. Sijalisha kuku."

Clem alikunja ngumi ndani ya mifuko.

"Baba, mbona hunijibu?"

"Labda hakutaki leo," alisema Reece kwa upole. "Watu wakitoka jela wanakuwa hivyo."

"Reece, mwache mtoto," Bi Noeleen alisema kutoka barazani, lakini hakusogea.

Clem aliyauma mashavu yake kwa ndani mpaka akasikia chumvi. Alijaribu kuongea kwa macho. Lakini jua lilikuwa nyuma yake, na Tilly alikuwa amekunja uso kwa mwanga, haoni macho, haoni chochote ila baba amesimama kama mlingoti. Bwana wewe, kuna adhabu ambazo hazikuandikwa na hakimu yeyote.

Tilly alishuka kwenye chuma cha geti. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Umenikasirikia kwa sababu nilisema jina la Gaz?"

Reece akaanza kucheka.

"Mimi sikujua ni kosa, Baba. Nilimwona tu kwanza. Sitasema tena. Nikisema kwamba sikumwona, utanijibu?"

Hapo ndipo Tilly alipomfikisha mwisho. Mtu aliyejitia hatiani ili binti yake asibebe mzigo, sasa anamwona ameubeba wote, tena anajitolea kuwa mwongo ili apendwe.

Barazani Bi Noeleen aliteremsha mikono. Clem Ruddick alitoa yake mfukoni, akavuta pumzi hadi kifua kikajaa, na akatia mguu barabarani.

Lusk aliiweka pai yake juu ya dashibodi, akafuta vidole, akashika kitasa cha mlango.

"Tilly," alisema Clem.